Sura ya 1913, Kitabu cha 1914

Jaribu kukaa dakika nzima bila kutikisika. Kidevu juu, macho mbali, pumzi nusunusu. Ikifika sekunde ya ishirini shingo inaanza kukaza. Ikifika ya arobaini jicho linaomba kupepesa, na ukilinyima linalengwalengwa na machozi. Ndivyo alivyokaa kijana mmoja wa miaka 25, mwezi wa Aprili 1913, katika nyumba moja ya Pimlico, London, mbele ya kamera ya Mmarekani aitwaye Sherril Schell. Nje ukungu ulikuwa umetanda. Schell alitegemea mwanga wa dirishani tu, na mwanga wa London siku ile ulikuwa hafifu kama maziwa yaliyozidishwa maji. Basi kila bamba la kioo lilipowekwa, lenzi iliachwa wazi kwa muda wa karibu dakika nzima, na kijana akatakiwa awe sanamu.

Kijana huyo ni Rupert Brooke. Mabamba kadhaa yalipigwa siku hiyo, mengi akiwa amevaa shati lenye kola laini na tai, nguo za kawaida za msomi wa Cambridge asiyependa kujifunga sana. La mwisho ndilo lililoleta maneno. Kwa masimulizi ya Schell mwenyewe, miaka mingi baadaye, wazo la kuvua shati lilitoka kwa Brooke. Basi akalivua, akageuka upande, akainua kichwa kidogo.

Itazame hiyo picha kwa karibu. Mandharinyuma ni giza tupu, na giza hilo limemmeza kuanzia kifuani kwenda chini, kiasi kwamba huwezi kujua kama ameketi au amesimama. Kinachobaki ni bega moja lililo wazi, shingo ndefu, na uso wa upande wenye nywele nyingi zilizorudishwa nyuma. Kingo za sura hazikukatika kwa makali. Ule mwanga wa taratibu umezilainisha, na pengine kutikisika kidogo kwa mtu aliyechoka kukaa kimya kumechangia. Hakuna kofia, mkanda, saa wala kitabu mkononi. Hakuna kitu chochote kinachoweza kukuambia huyu ni mtu wa nchi gani, wa kazi gani, wala wa mwaka gani.

Hili la mwaka ndilo linalonifanya niandike. Picha hii imezoeleka duniani kama sura ya mshairi wa vita. Humo ndani vita havimo. Siku lenzi ilipofunguliwa pale Pimlico, Uingereza ilikuwa na amani, au angalau Waingereza waliamini hivyo, na aliyekaa mbele yake hakuwa amewahi kuvaa gwanda la vita.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1887 katika mji wa Rugby, katikati ya Uingereza, ambako baba yake alikuwa mwalimu kwenye shule maarufu ya bweni inayobeba jina la mji huo. Alisoma hapohapo, chini ya macho ya baba, kisha mwaka 1906 akaenda King's College, Cambridge. Alikuwa mjamaa wa chama cha Fabian, mwigizaji wa tamthilia za wanafunzi, mpenzi wa kuogelea mtoni usiku na kulala nje bila kiatu. Mwaka 1909 alihamia Grantchester, kijiji cha jirani, na marafiki wakawa wanamfuata huko kwa miguu na kwa mitumbwi. Virginia Woolf, enzi hizo bado akiitwa Virginia Stephen, aliwahi kuogelea naye huko. Watu waliomwona walizungumzia uzuri wake kabla ya kuzungumzia mashairi yake, na jambo hilo lilimfurahisha na kumuudhi kwa zamu.

Mwanzoni mwa 1912 alivunjika. Mapenzi yaliyokwenda kombo, wivu, uchovu wa kazi; akaanguka kiakili na madaktari wakamwekea masharti ya kula na kulala kama mtoto. Shairi lake lililopendwa kuliko yote kabla ya vita, lile la Grantchester, aliliandika mwezi wa Mei mwaka huo katika mkahawa mmoja mjini Berlin, akikumbuka nyumbani huku Wajerumani wakinywa bia kandokando yake. Barua zake za kipindi hicho si za mtu mtulivu. Zina chuki za ghafla, maneno machafu juu ya Wayahudi na juu ya wanawake waliomkataa au waliomkubali. Ule uso ulioinuka kwa Schell, mweupe usio na kunyanzi, ni wa mtu aliyekuwa ametoka kuugua mwaka mmoja tu kabla. Kamera haikuyaona hayo, au iliyaona ikayafunika kwa ukungu.

Kuna mtu mmoja ambaye bila yeye picha hii ingebaki kwenye droo. Edward Marsh alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali, katibu binafsi wa Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa jeshi la majini. Mchana Marsh alishughulika na meli za kivita. Jioni alikusanya michoro na washairi. Mwaka 1912 yeye, Brooke na wenzao walianzisha diwani ya pamoja iliyoitwa Georgian Poetry, na Harold Monro, mwenye duka la vitabu vya ushairi jijini London, akaichapisha. Iliuzwa kuliko walivyotarajia. Marsh alimpenda Brooke kwa namna ambayo mwenyewe hakuificha sana, akamfungulia milango: chakula cha jioni nyumbani kwa waziri mkuu, mazungumzo na Churchill, chumba cha kulala kila alipofika London.

Schell alipomtumia Brooke ile picha ya bega wazi, Marsh aliisifu. Brooke mwenyewe alimwandikia rafiki kwamba anaiona ya kipuuzi kidogo. Vijana wenzake wa Cambridge waliangua kicheko. Wakaibandika jina la utani, "mwigizaji wako wa kike umpendaye," kwa maana inafanana na kadi za waigizaji wa kike zilizouzwa madukani. Nami naona walikuwa na haki. Ukiitoa vita kwenye picha hii, kinachobaki ni kijana anayejua kwamba ni mzuri, anayejaribu kuufanyia uzuri huo jambo fulani na hajui alifanye nini. Yatubidi tukumbuke kicheko hicho, maana miaka miwili baadaye hakuna aliyethubutu kucheka.

Mwezi mmoja baada ya kupigwa picha, Mei 1913, alipanda meli kwenda Marekani na Kanada, akiiandikia Westminster Gazette makala za safari. Kisha akaendelea magharibi: Hawaii, Samoa, Fiji, New Zealand, na mwishowe Tahiti, ambako alikaa miezi kadhaa na kumpenda mwanamke wa huko aliyeitwa Taatamata. Baadhi ya mashairi yake mazuri yaliandikwa kijijini Mataiea, na hayana bendera wala tarumbeta. Alirudi Uingereza Juni 1914. Tarehe 3 Agosti alitimiza miaka 27. Kesho yake nchi yake iliingia vitani.

Marsh alifanya alichoweza kumpatia nafasi jeshini, na alichoweza ni kingi. Kufikia mwisho wa Septemba Brooke alikuwa luteni mdogo katika Royal Naval Division, jeshi la ajabu kidogo lililobuniwa na Churchill: mabaharia waliofundishwa kupigana nchi kavu. Wengi walikuwa wageni wa bunduki. Mwanzoni mwa Oktoba wakapelekwa Ubelgiji kuuokoa mji wa Antwerp uliokuwa umezingirwa na Wajerumani. Hawakuuokoa. Walikaa mahandakini siku chache, wakaamriwa kurudi nyuma, na askari wapatao 1,500 wa divisheni hiyo wakaishia kizuizini Uholanzi baada ya kuvuka mpaka. Brooke aliponea. Njiani usiku aliyaona matangi ya mafuta yakiwaka, na barabara iliyojaa maelfu ya watu wakikimbia na magodoro yao, vikongwe juu ya mikokoteni, ng'ombe, watoto. Hiyo ndiyo vita yote aliyoiona. Hakupata nyingine.

Na hapa pana kitendawili ambacho wasomaji wake wamekitafuna kwa zaidi ya miaka mia. Mtu aliyeiona barabara ile ya Antwerp, aliporudi kambini Blandford na kwao Rugby wakati wa Krismasi, aliandika soneti tano ambazo barabara ile haimo. Hamna matope ndani yake, hamna mkokoteni. Mna shukrani kwamba wakati umefika, mna ujana unaojitupa kwenye usafi kama mwogeleaji anavyojitupa mtoni, mna askari anayewazia kaburi lake la ugenini na nchi yake ndani ya kaburi hilo. Ufundi wa soneti hizo ni safi, mizani haiyumbi. Lakini ni mashairi ya mtu anayeiangalia vita kwa upande, kama alivyoiangalia lenzi ya Schell.

Zilitoka kwanza katika New Numbers, jarida dogo ambalo washairi wanne, yeye pamoja na Lascelles Abercrombie, Wilfrid Gibson na John Drinkwater, walilichapisha kutoka kijiji kimoja cha Gloucestershire na kuwatumia wasomaji kwa posta. Mwezi Machi 1915 jarida la vitabu la gazeti la Times lilichapisha mbili kati yake. Halafu tarehe 4 Aprili, Jumapili ya Pasaka, mkuu wa Kanisa la St Paul's jijini London, William Inge, akaisoma ya mwisho mimbarani mbele ya umati. Mtu mmoja aliinuka katikati ya ibada akapiga kelele kuipinga vita, wakamtoa. Inge alisema kijana ameandika vizuri, ila hajamfikia nabii Isaya. Kipande cha gazeti kikamfikia Brooke akiwa safarini, mgonjwa, naye akatania kwamba anasikitika kutokuwa sawa na Isaya. Ni mzaha wake wa mwisho tunaoujua vizuri, na mimi naupenda kuliko soneti zote tano.

Alikuwa baharini kuelekea Gallipoli, pwani ya Uturuki. Meli yao, Grantully Castle, iliondoka Uingereza mwisho wa Februari na kikosi kiitwacho Hood. Maofisa wa kikosi hicho walikuwa kundi la pekee: Arthur Asquith, mtoto wa waziri mkuu, Denis Browne na Frederick Kelly, watunzi wa muziki, Patrick Shaw-Stewart, msomi wa Kigiriki aliyeacha benki, Charles Lister, mtoto wa bwana mkubwa na mjamaa, Bernard Freyberg wa New Zealand. Wanajeshi wengine wa melini waliwaona kama meza ya watu wanaojua kila kitu isipokuwa vita. Huko Port Said, Misri, Brooke aliugua: jua kali na tumbo la kuhara vilimlaza. Jenerali Ian Hamilton, mkuu wa msafara mzima, alikwenda kumtazama hemani akamwahidi kazi ya ofisini karibu naye. Alikataa. Alitaka kubaki na wenzake.

Kisha akaumwa na mbu kwenye mdomo.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa mbu ni nini, ila huyu hakuleta malaria. Kidonda kilivimba, sumu ikaingia kwenye damu, na mwaka 1915 hapakuwa na dawa ya kuizuia. Meli ilikuwa imetia nanga kwenye ghuba ya kisiwa cha Skyros, Ugiriki. Wakamhamishia kwenye meli ya hospitali ya Wafaransa, Duguay-Trouin, ambako alikuwa mgonjwa peke yake mwenye madaktari wengi. Alifariki tarehe 23 Aprili 1915, saa kumi na dakika arobaini na sita alasiri. Denis Browne alikuwa pembeni yake.

Amri ilikuwa meli zing'oe nanga alfajiri. Hivyo walimzika usiku uleule. Marafiki wakachimba kaburi katika shamba la mizeituni ambalo Brooke alipumzika siku tatu kabla na kulisifia. Jeneza lilipofungwa ilionekana halina kibao cha jina. Asquith akaomba chuma cha daktari cha kuchomea vidonda, akakipasha moto, akaliunguza jina na tarehe kwenye mbao. Wabebaji walipanda na jeneza lile kwenye korongo la mawe kwa karibu saa mbili, huku askari wenye taa wakipangwa njiani kuwaonyesha pa kukanyaga. Saa tano usiku walikuwa wanalishusha. Shaw-Stewart aliongoza kikosi cha kupiga risasi za heshima. Wakalifunika kaburi kwa vipande vya marumaru vilivyotapakaa pale, wakarudi melini, wakaondoka. Siku mbili baadaye majeshi yalitua Gallipoli.

Habari ilipofika London, Churchill aliandika taazia katika Times ya Aprili 26, akitia herufi za mwanzo za jina lake. Ilikuwa taazia ya mwanasiasa mwenye msafara mikononi mwake na watu wa kuwashawishi wajiunge: kijana mzuri, mwenye furaha, aliyekwenda kufa akijua na akikubali. Habari za mwanzo zilisema jua ndilo lililomuua. Mbu alikuja kutajwa baadaye, na hakupendwa; mshairi mwenye uso ule aliuawa na jua kwenye bahari ya Wagiriki wa kale, hivyo ndivyo watu walivyotaka iwe.

Katikati ya 1915 kikatoka kitabu, kinaitwa 1914 and Other Poems. Ukikifungua, ukurasa unaokabili jina la kitabu ulikuwa na ile picha ya bega wazi, imechapwa kwa ustadi na karakana ya Emery Walker, bingwa wa kuhamisha picha kutoka kioo hadi bamba la shaba na kutoka shaba hadi karatasi. Uchapaji wa namna hiyo hulainisha vivuli na kuyafanya meusi yawe kama mahameli. Ulikuwa umeumbwa kwa ajili ya picha kama ile. Kitabu kilichapwa upya zaidi ya mara ishirini kabla ya vita kwisha. Kila aliyekinunua alipokea kwa pamoja vitu vitatu: mwaka 1914 juu ya jalada, soneti za kufa ndani, na uso wa 1913 mlangoni. Nani angekaa kuhesabu miezi?

Ili kuelewa nguvu ya uso huo, tukumbuke nini kingine kilionekana magazetini wakati huo. Magazeti ya picha kama Illustrated London News yalikuwa yakitoa kurasa nzima za maofisa waliouawa, nyuso ndogo kwenye vizingo vya mviringo, safu juu ya safu, kila mmoja na kola yake, vifungo vyake na cheo chake chini. Mtaani, kila mpiga picha mwenye studio alikuwa na foleni ya askari waliotaka picha ya kuacha nyumbani kabla ya kuondoka. Picha ya saizi ya postikadi, gwanda jipya lisilokunjuka vizuri mabegani, mkono juu ya kiti. Kampuni ya Kodak iliuza kamera ndogo ya kutia mfukoni na kuitangaza kama kamera ya askari, ingawa wakuu wa jeshi walikwisha kupiga marufuku askari kubeba kamera upande wa Ufaransa. Katika bahari hiyo ya vifungo, Brooke alitokea bila kifungo hata kimoja. Alikuwapo pia kwenye picha za gwanda, zilizopigwa kambini. Ni picha za kawaida, na hazikuenda popote. Yule asiye na nguo ndiye aliyefaa, kwa sababu kila mama aliweza kumvika gwanda la mwanawe.

Wapo walioliona tatizo mapema. Charles Sorley, mshairi wa miaka 19 aliyekuwa jeshini, aliandika kwao mwezi uleule wa Aprili 1915 akilalamika kwamba Brooke amejitazama mno yeye mwenyewe, kana kwamba kufanya wajibu ambao mazingira yamemlazimisha kila mtu kuufanya ni tendo la pekee. Sorley aliuawa Loos, Ufaransa, mwezi wa Oktoba. Isaac Rosenberg, mtoto wa wahamiaji Wayahudi wa mashariki ya London, mchoraji na mshairi, naye hakuzipenda soneti zile. Vita vilipoanza alikuwa Cape Town kwa dada yake. Alirudi, akajiunga kama askari wa kawaida kwa sababu ya umaskini, na aliuawa tarehe 1 Aprili 1918. Sura yake tunayo kwa mikono yake mwenyewe, kwa rangi, maana alijichora mara nyingi: kofia, jicho la wasiwasi, mdomo mzito.

Wilfred Owen naye ana picha yake, iliyopigwa mwaka 1916 na mjomba wake John Gunston. Masharubu yaliyochongwa, gwanda la Manchester Regiment, uso wa karani aliyepandishwa cheo. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918. Simu ya tanzia ilimfikia mama yake tarehe 11, siku ya kusimamishwa vita. Mashairi yaliyochapishwa akiwa hai unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Diwani yake ilitoka 1920. Baada ya muda mrefu yeye ndiye aliyekuja kusomwa mashuleni kama sauti ya vita vile, lakini ukimwuliza mtu amweleze Owen alikuwa na sura gani, atasita. Kuhusu Brooke hatasita.

Nikiwaza haya nawakumbuka washairi wetu wa vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa upande wa Tanga alitunga utenzi wa Wadachi walivyoitwaa Mrima, vita vya 1888 na 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga wa Maji Maji. Hao hawakuitazama vita kwa upande. Ilipita uani kwao. Kamera zilikuwapo: studio ya Gomes ilikuwa ikifanya kazi Unguja tangu miaka ya 1860, na maofisa wa Kijerumani walipigwa picha na mbwa wao. Sura ya Hemedi sijawahi kuiona. Na katika vita vilevile vya Brooke, hapa kwetu, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wakatuachia jina la Kariakoo na nyimbo ambazo hazina mwandishi. Sisemi kwamba picha ingewaheshimu. Nikiona yaliyompata Brooke nadhani pengine walisalimika, maneno yao yakabaki maneno.

Rugby ndiko picha ilikokwenda kuwa jiwe. Katika kanisa la shule liliwekwa bamba la marumaru lenye uso wa Brooke kwa upande, limechongwa na Havard Thomas kwa kuifuata picha ya Schell. Lilizinduliwa Machi 1919, na aliyekuja kuhutubia ni Ian Hamilton, yule jenerali wa hemani Port Said, ambaye Gallipoli ilikuwa imemwangusha. Wakati huo wengi wa walioshika sepetu usiku ule wa Skyros hawakuwapo. Denis Browne aliuawa Gallipoli Juni 4, wiki sita baada ya mazishi. Lister alikufa Agosti mwaka uleule. Kelly, aliyeanza kumtungia rafiki yake muziki wa maombolezo mahandakini Gallipoli, aliuawa Ufaransa Novemba 1916, na Shaw-Stewart mwisho wa 1917. Freyberg alipona, akaja kuwa gavana mkuu wa New Zealand.

Mama yake Brooke, Mary Ruth, alikuwa na watoto watatu wa kiume. Wa kwanza, Dick, alikufa kwa nimonia 1907. Mume alimfuata 1910. Rupert Aprili 1915. Alfred, kitindamimba, aliuawa Ufaransa Juni 1915, takribani siku zilezile kitabu cha kaka yake kilipokuwa kinaingia madukani. Alikuwa mwanamke mgumu, na Marsh alimwogopa. Marsh alipoandika wasifu wa Rupert, mama aliusoma akaona si mwanawe. Akaukatalia, wakabishana miaka, na haukutoka hadi 1918. Alihisi, nami nakubaliana naye, kwamba mtu wa London mwenye marafiki wakubwa alikuwa anamjengea mwanawe sura ambayo yeye aliyemzaa haifahamu. Lakini bega lile lilikuwa limekwisha kutoka nje. Kuliita lirudi haikuwezekana.

Fedha nazo zina hadithi yake. Brooke aliacha maagizo kwamba mapato ya vitabu vyake yagawanywe kwa washairi watatu, Gibson, Abercrombie na Walter de la Mare, ili waandike bila kuhangaikia mkate. Alidhani ni senti chache. Kwa sababu ya mauzo yale, watu watatu na familia zao waliishi kwa urahisi uliotokana na kifo na picha. Hilo ni jambo jema ambalo soneti zile zilifanya, na halipo katika soneti yoyote.

Baadhi ya vioo vya siku ile viko National Portrait Gallery jijini London. Karakana ya Emery Walker ilivitoa mwaka 1956. Pamoja na bega wazi, yumo Brooke mwenye shati, anayekutazama usoni, nywele zimevurugika kidogo, karibu kutabasamu. Ni mtu ambaye ungeweza kumwomba kiberiti. Siku ukikutana na ile nyingine, juu ya jalada au ukutani, na pembeni pameandikwa mshairi wa vita, fanya hesabu ambayo wanunuzi wa 1915 hawakuifanya: kutoka Aprili 1913 hadi vita kuanza ni miezi 16.